Chokaa, mwanga na subira: historia fupi ya kufuga matumbawe magumu nyumbani

Najua wengi wenu mnangoja ile makala ya hifadhidata niliyoahidi. Itakuja, msinikasirikie. Leo nina deni jingine la kulipa. Nimewahi kutaja hapa kwamba sebuleni mwangu, hapa Nairobi, kuna tangi la lita 200 la maji ya chumvi. Kwa wale wanaouliza matumbawe yanaendeleaje, jibu ni hili: moja lilikufa, na aliyeliua ni mimi, kwa programu niliyoiandika kwa mikono yangu.

Kisa chenyewe ni kifupi. Matumbawe magumu hujenga mifupa ya mawe, na ili yajenge yanahitaji kalsiamu. Njia moja ya kuyapatia kalsiamu ni kudondosha maji ya chokaa ndani ya tangi, pole pole. Mimi kama mtu wa tarakilishi nikaona kudondosha kwa mkono ni ushamba. Nikachukua tarakilishi ndogo yenye ukubwa wa kadi ya benki, nikaiunganisha na pampu, nikaandika mistari kama 40 hivi: kila siku mara moja, mwaga lita 1 ya maji ya chokaa, kisha lala.

Kosa lilikuwa dogo, la aina ambayo ningemcheka mwanafunzi. Alama ya "leo nimeshamwaga" niliiweka kwenye kumbukumbu peke yake, sikuiandika kwenye diski. Usiku mmoja wa mvua za masika stima ikapotea na kurudi mara tano. Kila iliporudi, tarakilishi iliamka haikumbuki kitu, ikajiuliza kama imeshamwaga leo, ikajijibu bado, ikamwaga. Na mtungi wa chokaa ulikuwa wa lita 10, kwa hivyo hakukuwa na kitu cha kuizuia.

Asubuhi maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. pH, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 8.1 na 8.3, ilikuwa imepita 9. Kwenye jiwe la kati kulikuwa na tawi la Acropora lenye urefu wa kidole. Ngozi yake ilikuwa inabanduka kama rangi ya ukuta uliolowa, na chini yake mfupa mweupe.

Tawi hilo nilipewa na mzee mmoja wa Nyali ambaye amefuga matumbawe muda mrefu kuliko mimi nilivyoandika programu. Alilikata kutoka koloni aliyoilea mwenyewe ndani ya tangi kwa miaka 9. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kijana wangu, ulisoma walivyofanya waliotangulia, au ulianza tu?"

Nilianza tu, Mzee.

Basi nikarudi nyuma nikasoma. Haya hapa ndiyo niliyoyapata, na laiti ningeyajua mapema.

Kwanza, tumbawe ni nini?

Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni mnyama. Hasa ni kijiji cha wanyama wadogo waitwao polipi, kila mmoja kama kifuko chenye mdomo uliozungukwa na minyiri. Chini yake polipi hutandaza kalsiamu kabonati, kitu kile kile kilichomo kwenye jiwe la chokaa. Kizazi baada ya kizazi, mfupa unapanda na mnyama anabaki juu kama ngozi.

Ndani ya ngozi hiyo, kwa matumbawe mengi ya bahari zenye joto, wanaishi wapangaji: mwani mdogo sana usioonekana bila hadubini. Mwani hutumia mwanga kutengeneza sukari, mnyama anakula sehemu kubwa ya sukari hiyo, na mwani unapata makao pamoja na taka za mnyama kama mbolea. Maji yakipata joto kupita kiasi, mkataba unavunjika. Mwani unaondoka na tumbawe linabaki jeupe. Likikaa hivyo kwa muda mrefu, linakufa kwa njaa.

Kwa hiyo anayetaka kulifuga lazima awe na mambo matatu kwa wakati mmoja: maji safi yanayotembea, mwanga wa kutosha, na kalsiamu isiyokwisha. Historia yote ya ufugaji huu ni hadithi ya binadamu kugundua mambo hayo matatu, moja moja, kwa zaidi ya miaka 140.

London, 1846: pampu ya kwanza

Mtu wa kwanza kuweka matumbawe magumu hai ndani ya nyumba kwa muda mrefu hakuwa profesa. Alikuwa mama wa nyumbani, Anna Thynne, ambaye mume wake alikuwa kasisi wa ngazi ya juu katika Westminster Abbey. Kabla yake, katika miaka ya 1830, Mfaransa Jeanne Villepreux-Power alikuwa ameshajenga matangi ya kioo huko Sicily ili kuchunguza viumbe wa baharini. Lakini kwa upande wa matumbawe, sifa ni za Thynne.

Mwaka 1846 alikuwa Torquay, kusini magharibi mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo ya huko, akayabeba hadi London. Tatizo likaja mara moja: maji ya bahari yakikaa tu, yanaoza. London haina bahari. Dawa aliyoipata ilikuwa kuyamwaga maji kutoka chombo kimoja hadi kingine, tena na tena, karibu na dirisha lililo wazi, ili yachanganyike na hewa. Kazi hiyo ilichukua kama nusu saa au zaidi kila siku. Hakuifanya yeye. Alikuwa na msichana wa kazi.

Fikiria hilo, ndugu msomaji. Pampu ya kwanza ya matumbawe iliyoandikwa katika historia ilikuwa ni mikono ya msichana wa kazi.

Mwaka 1847 Thynne aliagiza kutoka Torquay vipande vya miamba vyenye mwani juu yake, akavichanganya na matumbawe. Mwani ulitoa oksijeni mchana na kunyonya taka, na mizani ikapatikana. Matumbawe yale aliishi nayo karibu miaka 3, yakazaana. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1859.

Wakati huo wanaume walikuwa wameshachukua uwanja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la matangi la kwanza kwa umma, kwa msaada wa Philip Henry Gosse, na mwaka 1854 Gosse akatoa kitabu kiitwacho The Aquarium. Uingereza nzima ikashikwa na wazimu wa matangi. Watu walishuka ufukweni na ndoo na patasi, wakakwangua kila kiumbe. Mwanawe Edmund Gosse aliandika katika Father and Son, kitabu cha mwaka 1907, jinsi madimbwi ya miambani aliyoyajua utotoni yalivyoharibiwa na mapenzi hayo hayo ambayo baba yake aliyawasha. Likumbukeni hili, nitalirudia.

Karibu miaka 100 ya kukwama

Matumbawe ya Thynne yalikuwa ya bahari baridi, ya aina isiyo na mwani ndani yake. Yale ya kitropiki, yenye matawi na rangi, yaliendelea kuwashinda watu wote. Sababu tunaijua sasa: hayakuwa na mwanga, na hakuna aliyejua kwamba yanauhitaji kiasi hicho.

Mwaka 1881 Mjerumani Karl Brandt aliwapa jina wale wapangaji wa hadubini. Kati ya 1928 na 1929 msafara wa Waingereza ulioongozwa na C. Maurice Yonge ulikaa kwenye kisiwa kidogo cha Low Isles huko Australia, wakichunguza jinsi matumbawe yanavyokula na kukua. Kisha mwaka 1959 Thomas Goreau, aliyekuwa akifanya kazi Jamaica, alitumia kalsiamu yenye mnunurisho kupima kasi ya ujenzi wa mifupa. Akaonyesha kwamba tumbawe lililo kwenye mwanga hujenga haraka kuliko lililo gizani, kwa tofauti kubwa.

Kwa lugha yetu ya programu: watu walikuwa wanatafuta kosa kwenye maji, kumbe kosa lilikuwa kwenye taa.

Waliokaa karibu na bahari

Wa kwanza kufaulu na matumbawe ya kitropiki walikuwa watu wenye bahari mlangoni. Mwaka 1956 Daktari René Catala alifungua jumba la matangi Nouméa, New Caledonia. Maji yalitoka baharini moja kwa moja yakarudi baharini. Huko ndiko alikogundua kwamba matumbawe mengi, ukiyamulika kwa taa ya urujuanimno gizani, yanawaka kijani, chungwa na nyekundu. Picha zake ziliwafanya watu wengi wa Ulaya watamani kitu kama hicho sebuleni.

Jakarta kulikuwa na Lee Chin Eng. Mwaka 1961 alieleza njia yake katika jarida moja la Marekani la wafugaji wa samaki. Ilikuwa njia ya mtu asiye na mbwembwe: mawe yaliyotoka mwambani yakiwa na viumbe wake wote, maji ya bahari, mstari mwembamba wa viputo vya hewa, na jua. Hakuwa na mashine ya kuchuja. Mawe yenyewe ndiyo yaliyochuja.

Kwa nini mawe yachuje? Samaki na tumbawe hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria walio juu ya jiwe, penye oksijeni, huigeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Ndani kabisa ya vitundu vya jiwe, ambako oksijeni haifiki, bakteria wengine huigeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni, nayo inapanda hewani. Jiwe moja, viwanda viwili.

Wajerumani na chokaa

Lakini mtu wa Berlin hana jua la Jakarta wala bahari ya Nouméa. Ilibidi atengeneze vyote viwili ndani ya nyumba.

La kwanza lilikuwa povu. Mmeona povu linalobaki ufukweni mawimbi yakivunjika siku ya upepo? Uchafu wa viumbe, hasa protini, hupenda kung'ang'ania kwenye ngozi ya kiputo. Katika miaka ya 1960 Wajerumani walitengeneza mtungi unaopitisha maji na viputo vidogo kwa pamoja. Povu linapanda na uchafu wake, linamwagika kwenye kikombe, na wewe unalitupa. Uchafu unatoka kabla haujaoza.

La pili lilikuwa chokaa. Peter Wilkens, ambaye kitabu chake kuhusu viumbe wasio na uti wa mgongo kilitoka mwaka 1973, aliwafundisha watu kujazia maji yanayokauka kwa maji ya chokaa. Hesabu yake ni rahisi. Tumbawe linapojenga mfupa, linatoa kalsiamu na kabonati kwenye maji. Baharini hutaona tofauti. Kwenye tangi la lita 200 lenye matumbawe yanayokua vizuri, akiba hupungua siku hadi siku, na ujenzi ukapungua nayo. Maji ya chokaa yanarudisha kalsiamu, na yanashika kaboni dioksidi iliyomo majini na kuigeuza kuwa ile kabonati inayohitajika. Hata kipimo tunachotumia leo kupima akiba hiyo, dKH, ni nyuzi za Kijerumani.

La tatu lilikuwa taa kali, zile za aina ya viwanja vya mpira.

Katika miaka ya 1970 na 1980 wafugaji wa Berlin, Dietrich Stüber akiwa mashuhuri kati yao, waliunganisha yote: mawe hai, mtungi wa povu, chokaa, taa kali. Hakuna zaidi. Ndiyo maana njia hiyo inaitwa ya Berlin hadi leo. Na Stüber alipata zawadi ambayo hakuiagiza. Kwenye jiwe mojawapo kulikuwa na kipande kidogo cha Acropora. Kikakua, kikajaza tangi. Akakata, akagawa. Waliopewa wakakata, wakagawa. Miche ya tumbawe lile ikasambaa Ulaya, ikavuka hadi Marekani, vile vile mama zetu wanavyogawana mbegu ya muhogo: unakata shina, unampa jirani, na lako likikauka unakwenda kuomba kwake.

Nilipofika hapa ndipo nilipoelewa kwa nini mzee wa Nyali hakunikasirikia sana. Niliua nakala. Mama yake bado yupo.

Marekani inajifunza

Mwaka 1980 Walter Adey aliweka mwamba mdogo hai ndani ya jumba la makumbusho ya viumbe la Smithsonian, Washington, akisafisha maji kwa mwani uliooteshwa kwenye wavu. Mwaka 1989 Monaco iliweka tangi la lita 40,000 lenye matumbawe hai, kwa njia ya Jean Jaubert ya kuacha nafasi yenye maji chini ya mchanga ili bakteria wasio na oksijeni wafanye kazi yao.

Kwa watu wa kawaida, moto uliwashwa mwaka 1986, George Smit alipoandika mfululizo wa makala katika jarida la Freshwater and Marine Aquarium. Picha zilikuwa nzuri mno. Kiini cha njia yake kilikuwa kichujio cha kudondosha: maji yanashuka juu ya vitu vya plastiki vilivyojaa bakteria, katikati ya hewa. Maelfu wakanunua.

Kichujio kile kilifanya kazi yake vizuri kupita kiasi. Amonia ilikwisha haraka, lakini kila kitu kilikuwa na oksijeni, kwa hiyo naitreti ilirundikana bila pa kwenda. Matumbawe laini yalistahimili, magumu yakadhoofika. Katika miaka ya 1990, hasa baada ya Charles Delbeek na Julian Sprung kutoa juzuu la kwanza la The Reef Aquarium mwaka 1994, wengi walitoa plastiki zao wakarudi kwenye mawe na povu. Somo kwa sisi waandika programu: sehemu moja ikienda kasi kuliko zile zinazoifuata, hujaharakisha kazi, umehamisha foleni.

Mwezi wa kuigiza

Kuna sura moja zaidi, na hii itawapendeza wenzangu. Matumbawe mengi baharini huzaa mara moja tu kwa mwaka, usiku chache baada ya mwezi mpevu, yote kwa pamoja. Yanajuaje? Yanasoma joto la maji, urefu wa mchana na mwanga wa mwezi. Kwa miaka mingi yaliyo kwenye matangi hayakuzaa kwa kupanga, yalikatwa miche tu.

Mwaka 2012, Jamie Craggs na wenzake kwenye jumba la makumbusho la Horniman, London, walianza kuandika mwaka mzima ndani ya kidhibiti cha tarakilishi: joto la kila mwezi, saa ya macheo na machweo, kuchomoza kwa mwezi na ukubwa wake. Matumbawe yakadanganyika. Mwaka 2017 walichapisha jinsi walivyofanya Acropora kutaga kwa wakati uliopangwa ndani ya maji yasiyounganishwa na bahari. Mwaka 2019 watu wa Florida Aquarium, wakishirikiana na Horniman, wakafanya vivyo hivyo kwa tumbawe la nguzo la Atlantiki, ambalo baharini lilikuwa linaangamia.

Kutoka Westminster ya Anna Thynne hadi Horniman ni kilomita zisizofika 10. Miaka 166 imepita kati ya msichana aliyekuwa akimwaga maji dirishani na kidhibiti kinachomwaga mwanga wa mwezi.

Na sisi je?

Sasa nirudi nyumbani, maana hapa ndipo pananiuma.

Chokaa ninayodondosha ndani ya tangi ni haidroksidi ya kalsiamu. Watu wa pwani yetu wameijua kwa karne nyingi. Walirundika matumbawe juu ya kuni, wakachoma hadi mawe yakalainika, wakayaachia unyevu yavunjike kuwa unga, wakasubiri. Chokaa hiyo ndiyo iliyoshika kuta za Gedi na Lamu, ndiyo niru iliyolainisha zidaka za nyumba za Lamu. Fort Jesus, iliyoanzwa mwaka 1593, imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Tulichukua tumbawe tukapata chokaa. Mfugaji anachukua chokaa akapata tumbawe. Kemia ni ile ile, inakwenda kinyumenyume.

Nilitaka sana kujiambia kwamba kwa hiyo tangi langu ni aina ya kulipa deni. Mzee alinizuia. "Tangi lako halimwokoi mtu," alisema. "Bahari ikichemka, itachemka." Yeye alikuwepo mwaka 1998. Kati ya Machi na Mei mwaka huo maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na miamba ya Kenya ikageuka nyeupe. Sehemu nyingi zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai, hata ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu ambazo zimelindwa tangu 1968. Mlinzi wa hifadhi anaweza kumzuia mvuvi mwenye baruti, lakini hawezi kuzuia joto. Na joto halihitaji kuzidi sana: takriban nyuzi 1 juu ya kawaida ya mwezi wenye joto zaidi, kwa wiki kadhaa, inatosha. Mwezi wa Aprili 2024 wanasayansi walitangaza wimbi la nne la dunia nzima la matumbawe kupauka.

Ninachoweza kusema kwa haki ni hiki. Mfugaji anayechukua tumbawe mwambani anarudia kosa la Waingereza wa miaka ya 1850. Mfugaji anayepokea mche uliokatwa kwenye tangi haondoi kitu baharini. Na ujuzi wa kukata, kubandika na kungoja ndio huo huo unaotumika na watu wanaopandikiza matumbawe, kama wanakijiji na watafiti kule Wasini. Ujuzi huo ni jambo dogo, nao una thamani yake.

Basi uanzeje?

Kwa yule ambaye bado anataka, haya ndiyo niliyojifunza, mengine kwa kusoma na mengine kwa aibu.

1. Usiguse mwamba. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES tangu 1990, kwa hivyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Tafuta mche uliolelewa kwenye tangi, na uulize umetoka wapi. Kwa mawe, anza na makavu, uyapandie bakteria mwenyewe.

2. Maji ya mfereji yachuje kwa mashine ya RO kwanza, kisha tia chumvi ya matangi hadi gramu 35 kwa kila lita.

3. Ngoja. Wiki 4 hadi 6, mara nyingine zaidi, hadi amonia na naitraiti zisome sufuri. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana tangi tupu linaonekana kama liko tayari.

4. Joto liwe nyuzi 25 au 26. Nairobi mwezi wa Julai utahitaji hita, Mombasa mwezi wa Machi utahitaji feni au kipoza maji.

5. Anza na matumbawe yenye polipi kubwa, kama Euphyllia au Caulastraea. Acropora iache hadi tangi litimize mwaka. Mimi sikuiacha.

6. Taa anza nayo chini, ongeza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mwanga mwingi wa ghafla unaunguza.

7. Kalsiamu iwe 400 hadi 450 mg kwa lita, dKH kati ya 8 na 9, magnesiamu 1250 hadi 1350. Lililo muhimu kuliko namba yenyewe ni isiyumbe.

8. Stima itapotea. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua tumbawe. Maji yaliyosimama kwa saa chache yanaua.

9. Ukiandika programu, andika kila tendo kwenye diski kabla ya kulifanya. Kisha chukulia kwamba programu itakosea hata hivyo: weka kwenye mtungi chokaa ya siku moja tu, ili hata ikimwagwa yote, hakuna kitakachokufa. Hii ya mwisho haina hata mstari mmoja wa programu, na ndiyo ingeokoa tumbawe langu.

Mwezi uliopita basi la usiku kutoka Mombasa lilinishushia boksi la maboksi ya barafu. Ndani, kwenye mfuko wa plastiki, mlikuwa na tawi jipya, fupi kuliko lile la kwanza, kutoka kwa mama yule yule. Mzee alikuwa amebandika karatasi yenye sharti moja: miezi 6 ya kwanza chokaa niidondoshe kwa mkono.

Kwa hivyo siku hizi, kabla ya kulala, napangusa chumvi kwenye kioo, nafungua kibomba kidogo cha chupa, nakaa kwenye kiti nikihesabu. Tone moja, kisha jingine. Kwenye ncha ya tawi kumeanza kuonekana alama nyeupe, nyembamba kama ukucha wa mtoto. Nilipoiona mara ya kwanza nilishtuka, nikampigia simu. Akacheka. "Hiyo si maradhi," akasema. "Linajenga."

Makala ya hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.